Neva za umio zikifa, kwa nini msuli unabana badala ya kulegea?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 47. Huu ni mwaka wa tatu chakula kinamkwama kifuani, na siku nyingine hata maji yanagoma kushuka. Tulianza kuliona hilo baada ya msiba wa baba. Ametumia dawa za vidonda vya tumbo muda mrefu bila nafuu. Mwaka huu amepimwa kwa kamera, wakasema hawajaona uvimbe, kisha akapigwa eksirei ya kunywa dawa nyeupe. Wameandika “akalasia”, wakatuambia neva za umio zimekufa na huenda akakatwa msuli. Hapo ndipo sielewi. Neva zikifa, si msuli ungelegea kama wa mtu aliyepooza? Na kwa nini wakate msuli mzima badala ya kutibu neva mbovu? Ndugu wengine wanasema ni mawazo, wengine wanasema kuna mkono wa mtu.

Jibu: Marahaba, binti yangu, na poleni kwa msiba. Mfikishie mama pole zangu pia. Mtu anayeiogopa sahani kwa miaka mitatu huwa amekwisha kuacha kula mbele za watu, na hilo peke yake ni mateso.

Nianze na la kupooza, maana umeuliza jambo la msingi kabisa. Msuli wa mkono hupokea amri ya aina moja tu kutoka kwenye neva: bana. Amri ikikatika, msuli unalegea. Misuli ya sehemu kubwa ya umio haiko hivyo. Yenyewe hupokea amri mbili, bana na achia, na kila amri ina seli zake za neva. Tena pale umio unapoingia tumboni pana mlango wa msuli ambao hukaa umefungwa saa zote ili chakula na asidi visipande. Kwa mlango huu, kufunga ndiyo hali ya kawaida. Kufungua ndiko kunakohitaji amri. Neva zilizokufa kwa mama yako ni zile za kuachia, na hiyo ndiyo akalasia.

Umio wa mtu mzima ni bomba la misuli la takriban sentimita 25. Linashuka nyuma ya bomba la hewa na nyuma ya moyo, linapenya kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kisha linafika tumboni. Sehemu ya juu ina misuli ya aina ile ile ya mkononi. Kadiri unavyoshuka inabadilika kuwa misuli laini, isiyosikiliza matakwa yako. Ndiyo maana unaweza kuamua kumeza, lakini tonge likishapita koo huna tena la kufanya. Misuli hiyo imepangwa kwa tabaka mbili: ya ndani inazunguka bomba, ya nje inakwenda wima. Kati ya tabaka hizo umetandazwa wavu mwembamba wa seli za neva ambao hadi leo una jina la Leopold Auerbach, mtaalamu wa karne ya 19 aliyeueleza. Neva ya vagasi inashuka kutoka kwenye shina la ubongo na kuleta habari kwamba mtu amemeza. Kazi ya kupanga nani abane na nani aachie, sehemu kubwa inafanywa na wavu huo.

Watu wengi hudhani ukimeza, jambo la kwanza ni kubana. Kwenye misuli laini ya umio, la kwanza ni kutulia. Sekunde moja au mbili baada ya kumeza, amri ya achia inakuwa imekwisha kufika kote, na mlango wa chini unafunguka wakati tonge bado liko juu. Kisha utulivu unaisha kwa zamu: juu mapema, chini kwa kuchelewa. Sehemu ambayo utulivu wake umeisha inabana, na ndivyo wimbi linavyoshuka, sentimita chache kwa sekunde, likimaliza safari katika sekunde nane hadi kumi hivi. Kama umewahi kukamua ng'ombe unalijua jambo hili mkononi. Kidole cha juu hubana kwanza, vya chini vikiwa vimeachia, kisha vinafunga kimoja baada ya kingine na maziwa yanatoka. Ukifunga vidole vyote kwa pamoja, au ukitangulia kubana cha chini, maziwa yanarudi juu kwenye kiwele hata uwe na nguvu kiasi gani.

Unaweza kuuona utulivu huo ukifanya kazi mwilini mwako. Kunywa maji glasi nzima kwa mafunda ya haraka mfululizo. Kila funda linaagiza utulivu upya, kwa hiyo wimbi la kubana linasubiri, na linakuja moja tu baada ya funda la mwisho. Wapimaji wa umio hulitumia jambo hili kama kipimo: mtu anameza maji kidogo mara tano haraka haraka, nao wanaangalia kama misuli imetulia katikati na kama imebana vizuri mwishoni.

Kikemia iko hivi. Seli za bana hutoa asetilikolini. Kalsiamu inaongezeka ndani ya seli ya msuli, nyuzi zake za protini zinavutana, msuli unakaza. Seli za achia hutoa hasa nitriki oksaidi, ambayo ni gesi. Gesi hiyo inapenya ndani ya seli ya msuli, inapunguza kalsiamu, na nyuzi zinaachiana. Gesi haiwekwi akiba, hutengenezwa pale pale inapohitajika. Seli inayoitengeneza ikifa, hakuna sehemu nyingine ya kuipata.

Sasa mama anameza. Habari inashuka kwa vagasi, inafika kwenye wavu, na wa kupokea amri ya achia hayupo. Mlango unabaki umefungwa, ukiendelea kupata asetilikolini kutoka kwa seli za bana zilizosalia, bila wa kuzipinga. Juu ya mlango nako wimbi linakosa mpangilio, kwa sababu bila utulivu wa kupishana hakuna zamu. Ushahidi kwamba seli za bana bado zipo tunaupata kwenye tiba: sumu ya botulinamu, ambayo kazi yake ni kuzuia asetilikolini isitoke, ikichomwa kwenye mlango huo presha yake inashuka. Zingekuwa zimekufa zote, sindano isingekuwa na cha kuzuia.

Hata hivyo kulegea ulikokutaja kunakuja, ila si mlangoni. Miaka ikipita bila tiba, bomba lililo juu ya mlango linachoka, linapanuka, na kwa wengine linajikunja hadi likafanana na herufi S, limejaa chakula cha jana. Ndiyo sababu sipendi kusikia mgonjwa akiambiwa avumilie tu.

Zinakufa kwa nini? Vipande vya umio vya wagonjwa vikiangaliwa kwa hadubini, seli nyeupe za kinga zinaonekana zimeuzingira ule wavu, na kwa waliougua muda mrefu wavu unakuwa umebaki mtupu, una makovu. Dalili nyingi zinaelekeza kwenye kinga ya mwili kushambulia neva zake, pengine baada ya maambukizi ya virusi, kwa mtu ambaye vinasaba vyake vinamweka katika hatari hiyo. Amerika ya Kusini kuna chanzo kinachojulikana vizuri, ugonjwa wa Chagas, ulioelezwa na Carlos Chagas huko Brazili mwaka 1909. Kimelea chake ni jamaa wa kile cha malale kinachoenezwa na mbung'o kwetu, ila hiki chetu hakiharibu umio namna hiyo. Na mtoto mwenye akalasia anayelia bila kutoa machozi apelekwe kwa daktari bingwa haraka, kwa sababu kuna ugonjwa wa kurithi unaounganisha mambo hayo mawili na upungufu wa homoni za tezi za juu ya figo, na upungufu huo unaua.

Kuhusu mawazo: msiba hauui seli hizi. Mtu mwenye huzuni au hofu husikia kukwama kwa uchungu zaidi, na anayekula kwa wasiwasi hukwama zaidi, hilo ni kweli. Lakini mlango wa mama yako haukufungwa na huzuni. Ugonjwa huu huanza polepole, na huenda ulikuwapo hata kabla ya msiba, wenyewe mkauona mlipokuwa mnamwangalia kwa karibu. Kuhusu mkono wa mtu, waambie ndugu kwamba mwaka 1674 daktari Thomas Willis wa Uingereza alikwisha kumwandika mgonjwa wa namna hii, aliyeishi kwa kujisukumia chakula tumboni kwa kijiti cha mfupa wa nyangumi chenye sponji nchani. Ni ugonjwa wenye alama zinazoonekana kwa macho kwenye hadubini. Ila ni nadra, kwa makadirio ya kawaida mtu mmoja hivi katika kila watu 100,000 kwa mwaka, kwa hiyo tabibu anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao. Hapo ndipo vidonda vya tumbo vinapoingia. Chakula kilicholala juu ya mlango kinachacha, kinaunguza, mgonjwa anasema ana kiungulia, anaandikiwa omeprazo. Dawa hiyo inapunguza asidi ya tumboni, na shida ya mama iko juu ya tumbo. Wengine hukohoa usiku kwa sababu chakula kinarudi na kuingia njia ya hewa, wanakonda, na watu wanafikiria kifua kikuu.

Kuna jambo moja ambalo sitaki mlipite haraka, nalo ni saratani. Ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi, una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imepokea wagonjwa wake kwa miongo kadhaa, wakiwamo vijana. Kwa hiyo mtu mzima wa huku anayekwama chakula apimwe kwa kamera kwanza, bila mjadala. Saratani kwa kawaida huanza kukataa nyama na ugali, kisha wali, kisha uji, mwisho maji, yote ndani ya miezi. Akalasia mara nyingi hukataa kigumu na majimaji tangu mapema, na inabadilika-badilika: leo ugali unapita, kesho maji yanagoma. Miaka mitatu ya mama bila uvimbe kuonekana inatia moyo. Bado ulizeni maswali mawili. Je, kamera iliingia tumboni na kugeuzwa kuutazama mlango kwa upande wa chini? Je, pale penye shaka walikata kipande kidogo cha nyama cha kupima? Uvimbe uliojificha juu ya tumbo unaweza kuiga akalasia kila kitu, hata picha ya eksirei. Mgonjwa mwenye umri mkubwa, aliyekonda sana, mwenye dalili za miezi michache tu, mimi humwongezea na CT, yaani picha za eksirei za kompyuta.

Eksirei yenu nina hakika ilionyesha umio mpana unaochongoka chini kama mdomo wa ndege. Ikirudiwa, ombeni ile ya kupima kwa muda: anakunywa bariamu, ile dawa nyeupe, akiwa wima, anapigwa picha dakika ya kwanza, ya pili na ya tano, kisha urefu wa dawa iliyobaki unapimwa. Namba hiyo itawafaa baada ya matibabu kuliko maneno “naona nafuu”, kwa sababu wapo wanaojisikia vizuri huku umio ukiendelea kujaa.

Kipimo kinachoonyesha misuli yenyewe ni manometri. Mrija mwembamba unapitishwa puani hadi tumboni. Ile ya kisasa ina vihisio 36 vilivyopangana kila sentimita moja. Mgonjwa anameza maji mililita 5 mara kumi, na kompyuta inachora presha kwa rangi. Kwa mtu mzima wa afya unaona mstari wa rangi kali ukishuka kwa mshazari, na chini, mlangoni, rangi inafifia kuupisha. Kwa akalasia rangi ya mlango haififii. Madaktari duniani hutumia mpango wa Chicago, ambao toleo lake la nne lilitoka 2021, kugawa akalasia kwa yanayotokea juu ya mlango. Aina ya kwanza, bomba kimya kabisa. Ya pili, bomba zima linapanda presha kwa pamoja. Ya tatu, sehemu ya chini inabana kabla ya zamu yake, na hawa ndio hulalamikia sana maumivu ya kifua. Aina ya pili hujibu tiba vizuri zaidi. Kwetu mashine hii iko katika hospitali chache, na kwa picha iliyo wazi kama ya mama, sioni haki kumchelewesha mgonjwa mwaka mzima akiisubiri.

Kwenye kipimo hicho hicho huonekana na matatizo mengine ya umio ambayo dalili zake hufanana. Wapo ambao mlango unafunguka vizuri lakini wimbi linakuja kabla ya wakati, au linabana kwa nguvu za ajabu. Wapo ambao wimbi ni dhaifu, au halipo kabisa, kama kwa wenye ugonjwa wa ngozi kukakamaa, ambao misuli ya umio imeliwa na makovu na mlango umelegea. Na dawa za maumivu za jamii ya afyuni, tramado ikiwamo, zinaweza kuuchezesha umio hadi ukafanana na akalasia. Kama mama anazimeza, mwambieni daktari kabla ya kisu.

Sasa kwa nini wakate msuli? Kwa sababu hakuna dawa wala upasuaji unaofufua zile seli. Kilichobaki mikononi mwetu ni kuupunguzia mlango nguvu ili uzito wa chakula peke yake utoshe kuupita. Tiba zote zinazofaa zinafanya hilo hilo. Ernst Heller, Mjerumani, aliukata msuli wa mlango kwa mara ya kwanza mwaka 1913, na wazo lake ndilo linalotumika hadi leo. Na si umio mzima unaokatwa, usiogope. Daktari anapasua tabaka za misuli kwa wima, sentimita chache juu ya mlango na mbili hadi tatu upande wa tumbo, akiuacha utando wa ndani mzima. Siku hizi hufanywa kwa matundu madogo tumboni, kisha sehemu ya juu ya tumbo inakunjwa na kushonewa hapo kupunguza asidi kupanda. Njia nyingine ni POEM, aliyoianzisha Haruhiro Inoue wa Japani mwaka 2008: kamera inapita mdomoni, inachimba njia chini ya utando wa ndani, na msuli unakatwa kutokea humo. Ya tatu ni puto la milimita 30, kisha 35 ikibidi, linalojazwa hewa mlangoni ili kuzichana nyuzi za msuli.

Puto na upasuaji wa Heller vililinganishwa Ulaya katika utafiti uliochapishwa 2011: baada ya miaka miwili, 86% ya waliofanyiwa puto na 90% ya waliopasuliwa walikuwa wanaendelea vizuri. POEM ililinganishwa na Heller mwaka 2019 nayo ikatoshana, 83% kwa karibu 82%, ila waliopata POEM walichubuka zaidi kwa asidi, 44% dhidi ya 29%. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si njia ipi ni bora duniani. Muulizeni ni ipi yeye na timu yake wameifanya mara nyingi, na kama kuna daktari wa upasuaji wa kifua karibu endapo umio utatoboka, jambo ambalo kwa puto hutokea kwa wagonjwa wachache katika kila mia. Kwa aina ya tatu peke yake ningechagua POEM ikiwezekana, kwa kuwa inaweza kukata msuli mrefu kwenda juu hadi pale unapobana ovyo.

Sindano ya botulinamu nisingeikubali iwe tiba kuu ya mama wa miaka 47 mwenye nguvu ya kufanyiwa upasuaji. Wengi hupata nafuu, kisha ndani ya miezi sita hadi kumi na mbili dalili zinarudi, na kuchomwa mara nyingi huacha makovu yanayomsumbua daktari baadaye. Ninaiweka kwa wazee na wenye moyo dhaifu. Vidonge kama nifedipini kabla ya kula hulegeza mlango kidogo, vinaumiza kichwa na kushusha presha. Ni vya kusubiria tu.

Baada ya tiba msitegemee wimbi lirudi kama zamani. Kwa walio wengi chakula kitashuka kwa uzito wake na maji yatakayokifuata. Ale akiwa amekaa wima, matonge madogo, atafune sana, anywe maji katikati, na chakula cha mwisho kitangulie kulala kwa muda wa saa tatu au nne. Miguu ya kitanda upande wa kichwani iinuliwe kwa matofali, maana mito mingi hukunja tumbo tu. Na ile omeprazo iliyoshindwa sasa inaweza kuwa na kazi, kwa kuwa mlango uliolegezwa unapitisha asidi. Aendelee kuonwa kliniki hata akiwa mzima, kwa sababu kukwama kunaweza kurudi baada ya miaka, na umio uliokaa na akalasia muda mrefu una hatari kubwa zaidi ya saratani kuliko wa mtu mwingine.

La mwisho mlishike kabla ya siku ya upasuaji, au kamera yoyote atakayofanyiwa. Kufunga usiku mmoja hakumtoshi mama yako. Umio wake unaweza kuwa na chakula cha juzi, na akilazwa usingizi kinaweza kuingia mapafuni. Mwombeni daktari maelekezo ya kutumia vinywaji vyepesi tu kwa siku moja au mbili kabla, na mtakapokutana na mtaalamu wa usingizi mtajieni neno akalasia ninyi wenyewe, hata kama limeandikwa kwenye faili.